Pedi Mpya za Bwana Theonest

Mwanakombo aliiona taa nyekundu ikiwaka, na kule kudumu kwake kuwaka ndiko kulikomtia baridi mwilini.

Alikuwa nyuma ya Adelard, hatua mia hivi, wakiteremka vilima vya Pugu kurudi mjini, masanduku ya chanjo yakiwa matupu kwenye makeria ya pikipiki zao. Adelard alishika breki mapema, pale juu kabisa kona inapoanza, kama anavyoshika mtu mwenye akili zake. Taa ikawaka. Pikipiki haikupungua. Ikawaka kona nzima, ikawapita wauza mkaa waliopanga magunia kando ya barabara, na bado ilikuwa inawaka pikipiki na mtu wake walipoingia kwenye kalvati la kupitishia maji.

Mguu wa Adelard ulivunjika mahali pawili. Mwanakombo, aliyekuwa muuguzi kwa miaka kumi na mmoja, aliufunga kwa vijiti viwili na mtandio wake, kisha akalisimamisha lori la mkaa. Kabla hawajampakia, Adelard alimshika kiwiko.

"Nilishika, Mwana," alisema. "Wallahi nilishika." Mkristo yule wa Bukoba alikuwa amekaa Temeke muda mrefu mpaka viapo vya Waswahili vilimtoka bila yeye kujijua.

"Nimeona," alijibu Mwanakombo. "Taa yako nimeiona."

Hiyo ilikuwa Ijumaa, mwaka tisini na tatu. Jumatatu iliyotangulia, pikipiki ya Adelard ilikuwa imefungwa pedi mpya za breki.

Mradi wao wa chanjo ulikuwa na ofisi ndogo Chang'ombe na pikipiki sita nyekundu za Kijapani, za aina iliyokuwa ngeni wakati huo, zenye sahani ya chuma inayong'aa kwenye gurudumu la mbele. Ukiminya breki, pedi mbili huibana ile sahani huku na huku, pikipiki inasimama. Zilipokuja zilikuwa na vipuri vyake ndani ya boksi. Vipuri vile vilipokwisha, kazi ya kutafuta vingine ikawa ya Bwana Theonest, mkuu wa ugavi na usafiri. Na miaka ile kutafuta hakukuwa kazi tena. Watu waliokuwa wamezoea kupanga foleni ya sabuni sasa waliona maduka yamefumuka kila kona, na kila duka limejaa hadi barazani. Bwana Theonest alitoka asubuhi moja akarudi na katoni nzima ya pedi, kila jozi ndani ya kiboksi cha rangi ya dhahabu. Aliziweka juu ya meza ya mapokezi kila mtu azione, na kwa siku mbili nzima hakuzungumza habari nyingine.

Jumatatu baada ya ajali alimwita Mwanakombo ofisini kwake. Alikuwa mwanamume wa miaka hamsini, nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alimsogezea karatasi.

"Wewe ulikuwa nyuma yake," alisema. "Shahidi ni wewe peke yako. Tia sahihi hapo chini."

Mwanakombo akaisoma. Ilisema Adelard alikuwa katika mwendo wa kasi, kwa uzembe wake mwenyewe, na kwamba mradi haukuwa na wajibu wowote kwake. Alijua maana ya sentensi ile ya mwisho. Mtu akilala hospitalini na mguu wake ndani ya plasta, barua ya kumwachisha kazi ingemfikia hata kabla plasta haijakauka.

"Hakuwa na kasi," alisema. "Alishika breki tangu juu. Breki haikushika."

"Breki ilikuwa mpya."

"Ndicho ninachosema."

Bwana Theonest aliegemea kiti. "Nesi, wewe umesomea sindano. Mambo ya vipuri waachie wenye vipuri."

"Sindano ikija mbovu siichomi, Bwana Theonest. Nairudisha."

Alisema hayo bila kupandisha sauti, akairudisha karatasi upande wa pili wa meza kwa ncha ya kidole. Bwana Theonest aliitazama karatasi, akamtazama yeye. Kisha akafungua mtoto wa meza, akatoa kiboksi cha dhahabu na kukiweka juu ya ile karatasi.

"Pedi zako zimekwisha, fundi aliandika mwezi uliopita. Mpaka Alhamisi, pedi hizi ziwe zimefungwa. Kama huzitaki, lete funguo. Wapo wanaume wanaoisubiri pikipiki hiyo, na hawana maneno."

Mwanakombo akakichukua kiboksi, akatoka. 

Haikuwa mara ya kwanza kuambiwa kuna wanaume wanaoisubiri. Alipoipata pikipiki ile, mtaa mzima wa Mtoni ulisema. Walisema mtoto wa watu wa dini hapandi farasi wa chuma akapanua miguu mbele ya kadamnasi. Walisema ndiyo maana mume alimwacha, ingawa mume alikuwa ameondoka miaka minne kabla pikipiki haijatoka kiwandani. Mama yake, Bi Zubeda, hakuongea naye wiki tatu. Mwanakombo alishona suruali pana ya kuvaa chini ya gauni la kazi, akafunga kilemba chini ya helmeti, akaenda zake. Vijiji vya nyuma ya Pugu vilikuwa na watoto waliokuwa hawajawahi kuona sindano, na gari la mradi halikufika huko.

Jioni ile aliisukuma pikipiki hadi Tandika kwa Marselino. Huyu alikuwa fundi mwenye kibanda cha mabati, mtu wa Masasi, mfupi, mwenye maneno machache na vidole vilivyokuwa vyeusi hata akitoka kuoga. Alikuwa ametengeneza magari ya shirika moja la umma kwa miaka kumi na minane, shirika likafungwa, akabaki na spana zake. Mwanakombo alimpa kile kiboksi.

Marselino alikifungua, akakitupa kiboksi chini bila kukisoma.

"Sanduku ni karatasi, dada Mwana. Karatasi anachapa yeyote." Akampa pedi moja mkononi. Ilikuwa bamba dogo la chuma, na juu yake tabaka jeusi, lile linalosugua sahani. "Pitisha ukucha hapa, kwenye maungio."

Ukucha wa Mwanakombo uliingia katikati ya chuma na lile tabaka, kama unavyoingia chini ya ukoko wa wali.

"Sasa ipigepige kwa spana."

Ilitoa mlio mkavu, wa kigae. Marselino akainuka, akachokora kwenye kopo la misumari, akarudi na pedi nyingine, kuukuu, iliyolika nusu. Hiyo nayo akaipigapiga. Haikulia, iliumeza mlio. Akaikwaruza pembeni kwa msumari, ikatoa vumbi la kijivu laini. Akaikwaruza ile mpya, ikabanduka vipande.

"Hii ya zamani ililetwa na pikipiki yenyewe. Tazama namba zake, zimegongwa ndani ya chuma. Yako namba zimepakwa rangi." Akazisugua kwa kidole gumba chenye mate, zikafutika. "Hii ikiwa baridi itakushikia vizuri tu. Ukijaribu hapa mtaani utasema nzuri. Ipate joto sasa. Kilima kirefu. Inakuwa kioo juu ya kioo."

Mwanakombo aliipokea ile pedi mpya. Mbele ya macho yake taa nyekundu iliwaka tena, ikapita wauza mkaa.

"Nzuri zipo?" aliuliza.

"Zipo Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, ukijua wa kumuuliza. Mie nitakutafutia jozi moja. Ufunge, unyamaze, uokoe roho yako."

"Na wale wanne wengine?"

Marselino aliinama, akaokota kile kiboksi alichokitupa.

"Nikifunga zangu nikanyamaza," alisema Mwanakombo, "nitapona mie. Na Adelard ataitwa mzembe mpaka anakufa. Hapana, fundi. Nifundishe kuzifunga hizi hizi."

Alimfundisha jioni mbili mfululizo. Mwanakombo alifungua na kufunga mpaka mikono ikajua yenyewe boliti ipi inatangulia. Jumatano Marselino alikagua breki ya nyuma, ile ya mguuni, akaifunga upya kwa mikono yake, akaikaza, akaijaribu mara sita. Walikubaliana pia juu ya njia ya kuzijaribia zile pedi. Isingekuwa ile kona ya Adelard. Ingekuwa njia ya msituni, ambayo ina mteremko mrefu, kisha inapanda tena ghafla kwenye mchanga mwingi, mahali ambapo hata jiwe likiporomoka linasimama lenyewe.

Usiku ule alimweleza mama yake, akitarajia kukatazwa. Bi Zubeda alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Ulipoanza kupanda hilo dude nilikukataza, hukunisikia," alisema. "Basi usianze kunisikia leo."

Alhamisi saa tatu asubuhi, Mwanakombo alitandika gunia katikati ya ua wa ofisi, akapanga spana, akakunja mikono ya gauni jeupe. Waendesha pikipiki wanne waliobaki walisogea. Karani akatoka. Bwana Theonest akatokea mlangoni, na nyuma yake Dakta Elibariki, mkuu wa mradi, mtu mpole aliyekuwa na desturi ya kutia sahihi kila alicholetewa. Marselino alisimama getini, mikono nyuma, kwa sababu aliombwa asisaidie.

Mwanakombo alilegeza boliti mbili, akaling'oa lile koleo linalobana sahani, akachomoa pini, pedi za zamani zikamwangukia kiganjani, nyembamba kama sarafu. Akaisukuma pistoni irudi ndani, akaifuta sahani kwa kitambaa chenye petroli, akapachika pedi mpya, akakaza. Alipomaliza aliminya breki mara nyingi, mwanzo ikizama, kisha ikawa ngumu. Vazi lake lilikuwa na alama nyeusi kifuani, na hakuna aliyecheka.

"Zimefungwa," alisema, akiinuka. "Kama ulivyoagiza, Bwana Theonest. Sasa naomba helmeti ya pili."

"Ya nini?"

"Yako. Wewe ndiye uliyezichagua. Kaa nyuma yangu, twende Pugu, tuteremke, turudi. Breki ikishika, natia sahihi ile karatasi ya Adelard mbele ya Dakta, na funguo nakukabidhi hapa hapa."

 Mmoja wa waendesha pikipiki, aitwaye Shomari, alikwenda taratibu ndani akarudi na helmeti, akamnyooshea Bwana Theonest kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama anayempelekea mkwe maji ya kunawa.

"Huu ni upuuzi," alisema Bwana Theonest.

"Basi kama ni nzuri, hakuna ubaya," alisema Dakta Elibariki, na wote wakageuka kumtazama, maana haikuwa tabia yake. "Au kuna ubaya?"

Bwana Theonest alimwangalia mkuu wake, akawaangalia vijana, akaiangalia helmeti. Angeweza kukataa. Lakini alikuwa amesema juu ya pedi zile siku mbili nzima, na kiburi ni mzigo ambao mwenyewe haoni pa kuutua. Akaivaa.

Wakaondoka. Kwenye barabara ya Pugu breki ilishika vizuri, Gongo la Mboto ilishika vizuri, na Mwanakombo alimsikia Bwana Theonest akitoa pumzi nyuma yake, kama mtu anayejiandaa kucheka. Alichepuka kuingia msituni, akapanda mpaka juu, akasimamisha.

"Sikiliza," alisema bila kugeuka. "Breki ya nyuma ni nzima, fundi ameikagua. Nitashuka kwa gia ya pili. Kule chini kuna mchanga. Hutakufa. Kama unataka kushuka kwa miguu, shuka sasa, tutarudi nisiseme neno lolote zaidi ya hilo kwamba ulishuka."

Alisikia mti ukikwaruzana na mti. Kisha akasikia ukanda wa helmeti ukikazwa.

"Twende," alisema Bwana Theonest.

Hapo, lazima isemwe, Mwanakombo alimheshimu kidogo.

Waliteremka. Theluthi ya kwanza ya kilima, breki ya mbele ilikamata sawasawa, na kwa dakika moja mbaya alifikiri Marselino amekosea na yeye amejiponza. Kisha ikaja harufu, ya gundi inayoungua. Kisha mkono wake ukahisi kile ambacho Adelard alikihisi: breki imekuwa ngumu kama ukuta, unaiminya na haina habari na wewe. Pikipiki ilianza kukimbilia chini. Miti ikaanza kupita upesi.

"Shika breki," alisema Bwana Theonest sikioni mwake. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayemnong'oneza mtu msikitini.

"Nimeshika."

"Shika breki, Mwanakombo." Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina lake.

"Tazama mkono wangu."

Bwana Theonest aliegemea begani kwake akatazama. Aliuona mkono ule umeminya mpaka mishipa imesimama, na gurudumu la mbele linazunguka kama vile hakuna aliyeliomba kitu. Mwanakombo aliacha aone, akahesabu moja, mbili, tatu, kisha akakanyaga breki ya nyuma, akarudisha gia ya kwanza. Injini ikanguruma, mkia ukayumba, na kule chini mchanga ukawapokea. Walipanda hatua kumi, pikipiki ikazama, ikazimika, ikalala upande polepole nao wakalala pamoja nayo.

Hakuna aliyeumia. Bwana Theonest aliinuka, akaenda kando, akaketi juu ya gogo na helmeti yake kichwani. Mwanakombo aliisimamisha pikipiki. Alisubiri chuma kipoe, akatoa spana mfukoni, akafungua. Pedi moja ilikuwa imeng'aa kama kioo. Ya pili ilitoka chuma kitupu. Tabaka lake lilibanduka zima zima likabaki ndani, na alilichomoa kwa vidole viwili. Alikwenda akaviweka vyote juu ya gogo, kando ya yule mtu. Kisha akarudi kulifunga koleo.

Bwana Theonest alikataa kurudi kwa pikipiki. Alitembea mpaka barabarani, suruali ile ya mikunjo imejaa mchanga, akaomba lifti kwenye lori. Mwanakombo alirudi peke yake polepole, kwa breki ya mguu, akafika Chang'ombe adhuhuri.

Mambo hayakuisha kama hadithi za kupendeza. Bwana Theonest hakuomba radhi, wala hakufukuzwa. Katoni ya dhahabu iliondolewa stoo jioni ile ile kwa amri ya Dakta, na karatasi ya uzembe haikuonekana tena. Adelard alilipiwa matibabu, na ingawa mguu wake ulipona ukiwa mfupi kidogo, alibaki kazini, akatunza jokofu la chanjo. Lakini wiki iliyofuata Mwanakombo naye alipata barua, ya onyo kali, kwa kuhatarisha maisha ya ofisa mwandamizi. Dakta Elibariki ndiye aliyeitia sahihi, akimkwepa macho. Shomari na wenzake walitaka waende wote wakagome. Mwanakombo aliwakataza.

"Ni kweli nilimhatarisha," alisema. "Nami kila siku nahatarishwa, ila mie siandikiwi barua." Akaikunja, akaiweka kwenye pochi.

Marselino alikwenda Gerezani akarudi na jozi tano, akazifunga zote siku moja, Mwanakombo akimshikia taa na kumkosoa mara mbili, jambo ambalo fundi alilikumbuka kwa muda mrefu kuliko alivyopenda. Wiki ile ile alirudi vijijini. Akina mama waliokuwa wakimngoja Jumatano walikuwa wameondoka, wakarudi Ijumaa, wakamsema kidogo kwa kuwapotezea siku. Aliwaomba radhi, akafungua sanduku.

Ilipita miezi mitatu. Asubuhi moja alikuta juu ya meza yake kiboksi cha pedi, kipya, hakina rangi ya dhahabu. Bwana Theonest alikuwa amesimama dirishani, anatazama nje, mikono mfukoni.

"Mwenye duka anasema ni halisi," alisema kwa dirisha.

Mwanakombo alizitoa. Alipitisha ukucha kwenye maungio. Alizipigapiga kwa ufunguo wake wa pikipiki. Alizisugua namba kwa kidole chenye mate, akaziangalia kwa muda mrefu, na Bwana Theonest hakugeuka wala hakuondoka.

"Moja nene kuliko mwenzake," alisema mwishoni, akizirudisha ndani ya kiboksi. "Rudisha."

Bwana Theonest alikichukua kiboksi, akavaa kofia yake, akatoka kwenda kurudisha.